Breka inakata: angalia saa kabla hujaita fundi aibadilishe

Breka ya umeme ikikata, wengi wetu tunaikimbilia na kuipandisha. Ikikata tena, tunaipandisha tena. Mara ya tatu anaitwa fundi, naye akiwa mtu wa haraka atachomoa ile ya ampia 20 aweke ya 40, alipwe, aondoke. Nyumba inatulia. Inaweza kutulia wiki mbili, inaweza kutulia miaka mitatu, na muda wote huo waya ulio ndani ya ukuta unabeba moto ambao haukutengenezwa kuubeba, kwa sababu mlinzi wake ameondolewa.

Haya nawaandikia hasa watu wa Kigoma, iwe Ujiji, Mwanga, Gungu, Katubuka au Mwandiga, maana nyumba zetu nyingi zimekua kwa njia moja. Umeme uliingia ukiwa wa vyumba viwili, taa tano na soketi tatu. Baadaye uani likaongezwa banda, mbele ikaongezwa fremu, fremu ikapata friza la samaki au mashine za saluni, na bafuni ikafungwa hita ya maji. Boksi la breka ni lile lile la njia nne, yaani breka nne, kila moja na waya wake. Breka inapolalamika katika nyumba ya namna hiyo, mara nyingi ina sababu.

Kabla hujagusa chochote, jibu swali moja: tangu ulipoipandisha mpaka ilipokata, umepita muda gani? Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi yote, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya saa.

Ndani ya breka kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambacho hupinda kikipata moto. Huyu ni mlinzi wa polepole. Kwa kiwango cha IEC 60898, kinachohusu breka za majumbani, breka ya ampia 20 inatakiwa ibebe ampia 22.6 saa nzima bila kukata, na ikibebeshwa ampia 29 ikate kabla saa haijaisha. Ukiifikisha ampia 51 inakata kati ya sekunde 1 na 60. Mlinzi wa pili ni koili ya waya mnene inayovuta kama sumaku. Huyu hasubiri joto, hukata chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Anaamka umeme unapofika kiasi gani? Inategemea herufi iliyoandikwa mbele ya namba. B huamka kwenye mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Kwa hiyo B20 inakata papo hapo kati ya ampia 60 na 100, na C20 kati ya 100 na 200. Zile za C ndizo utakazozikuta kwa wingi madukani.

Sasa saa inaanza kusema. Breka iliyokata papo hapo na kishindo, hata hujaondoa kidole, imekutana na shoti, yaani nyaya zimegusana mahali zisipotakiwa. Iliyokaa sekunde tano, kumi, ishirini, kwa kawaida imekutana na mota iliyokwama: pampu, kompresa ya friji, feni kubwa. Iliyokaa dakika kumi mpaka saa nzima imechoshwa na mzigo, au skrubu yake imelegea na joto linatoka palepale inapofungwa. Na ile inayokata bila ratiba, leo usiku wa manane, kesho mvua ikinyesha, keshokutwa haikati kabisa, hiyo kwa kawaida hata si breka. Ni kile kifaa kipana chenye kitufe cha T, ambacho mafundi hukiita RCD, na kinakamata umeme unaovuja. Tutakifikia, kwa sababu ndicho kinachosumbua zaidi na kueleweka kidogo zaidi.

Namna ya kuipandisha nayo ina adabu yake. Kishikio cha breka iliyokata wakati mwingine husimama katikati, ukikisukuma juu hakishiki, mtu akasema breka imekufa. Kishushe kwanza mpaka chini kabisa, usikie kimekaa, ndipo ukipandishe. Fanya hivyo mara moja tu. Kama kuna harufu ya plastiki iliyoungua, masizi, au mfuniko wa boksi una joto, usiipandishe hata hiyo mara moja. Mwenye friza asiogope: friza lililojaa likibaki limefungwa hutunza ubaridi takriban saa 48, na lililo nusu takriban saa 24. Una muda wa kutafuta tatizo kwa utulivu.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni la breka kweli. Nyumba nzima ikizima na hakuna breka iliyoshuka, tazama kwa jirani, kisha tazama LUKU: huenda uniti zimekwisha, au mita imekata yenyewe kwa sababu mzigo umepita kiwango ilichopangiwa. Kuanzia mita kurudi nguzoni ni mali ya TANESCO. Sili isiguswe. Kuanzia pale kuingia ndani ni kwako, na kazi ya ndani ya boksi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Mwenye nyumba anaweza kufanya yote ninayoyaeleza yanayohusu kuchomoa plagi na kupandisha au kushusha breka. Palipotajwa kufungua mfuniko, mwachie fundi, lakini jua anachotakiwa kufanya, ili akifanya kinyume umuulize.

Shoti

Chomoa kila plagi kwenye njia inayokata. Si kuzima swichi ya soketi, ni kuchomoa. Kisha pandisha breka. Ikishika, nyaya za ukutani ni nzima na mkosaji ni kifaa kimojawapo. Chomeka kimoja kimoja, subiri kidogo kati ya kimoja na kingine, na utakayemkuta mara nyingi ni pasi yenye waya uliochubuka pale unapoingia kwenye mwili wake, adapta ya chaja ya bei ya chini, au ekstensheni iliyokanyagwa na mguu wa kitanda. Ekstensheni iangalie mwanzo, maana watu huiona kama waya tu, wakati ndiyo inayovutwa, kukunjwa na kumwagiwa maji kuliko kitu kingine nyumbani.

Ikikata hata kama hakuna kilichochomekwa, shida iko kwenye nyaya. Hapa fundi anashusha mein swichi (swichi kuu), anafungua mfuniko, na anahakikisha umeme hakuna. Kuhakikisha kuna utaratibu wake: maltimita, kile kipimo cha umeme, inapimwa kwanza mahali penye umeme unaoujua, kisha mahali pa kazi, kisha inarudishwa pale pa kwanza, ili ujue haikufa katikati. Testa ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii. Inaweza kuwaka kwa umeme wa kupita hewani ambao hauna nguvu, na inaweza kukaa kimya juu ya waya wenye moto ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu na viatu vya mpira. Kumbuka pia kwamba hata mein swichi ikiwa chini, nyaya zinazoingia juu yake kutoka kwenye mita bado zina moto.

Anatoa waya wa laivu (unaoleta umeme) wa njia hiyo kwenye breka, anaukunja pembeni, anaufunga tepu, anapandisha. Breka ikikata ikiwa haina waya, breka ni mbovu, nayo ni nadra. Ikishika, shoti iko mbele. Mein swichi inashushwa tena, waya wa nyutro (unaorudisha umeme) wa njia hiyo nao unatolewa, na maltimita inawekwa kwenye ohmu kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa kwenda ardhini), nyutro na ethi. Njia isiyo na ugonjwa wala kitu kilichochomekwa haisomi kitu, ni mstari wazi. Ikisoma ohmu chache, shoti imepatikana. Kwenye njia ya taa, toa balbu kwanza, la sivyo utaipima balbu ukadhani umepata ugonjwa.

Kuipata mahali ilipo, usianze soketi ya kwanza ukaenda mpaka ya nane. Gawa katikati. Fungua ya nne, tenganisha nyaya zinazoendelea mbele, pima. Upande wenye shoti ugawe tena. Soketi nane zinaisha kwa mafunguo matatu.

Na ukifungua, utakuta nini? Waya uliobanwa na skrubu ya soketi wakati wa kuirudisha ukutani. Msumari wa picha au wa pazia uliopigwa sawasawa juu ya swichi, ambako paipu ya waya inashuka. Skrubu ya dari ya jipsamu. Panya darini, ambao hula ngozi ya waya na kuuacha shaba tupu. Sisimizi, ambao hujenga ndani ya soketi na kuleta udongo wenye unyevu. Na mijusi: boksi la breka lenye tundu lisilozibwa ni nyumba nzuri kwao, wanapenda joto lake, na mmoja akigusa laivu na nyutro kwa pamoja, breka inakata, yeye anabaki humo. Vifuniko vya kuziba nafasi tupu ni vya bei ndogo sana. Viwekwe.

Mzigo

Hesabu ni moja: wati gawanya kwa volti 230, unapata ampia. Birika la umeme la wati 2000 ni ampia 8.7. Pasi ya wati 1200 ni 5.2. Jiko la koili la wati 1500 ni 6.5. Vyote vitatu kwa pamoja ni ampia 20.4, na breka ya 20 itavumilia, kwa sababu bado hujafika 22.6. Sasa hita ya kuogea. Iliyoandikwa wati 5500 inakula karibu ampia 24 peke yake. Mtu akiingia bafuni na mwenzake akawasha birika jikoni, njia moja inabeba karibu ampia 33, na baada ya dakika chache nyumba inazima na mtu ana sabuni usoni. Breka hapo haina kosa lolote. Hita inataka njia yake kutoka kwenye boksi, waya wa 6 (unene kwa milimita za mraba) na breka ya 32, isiguse soketi wala taa.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize, kwa sababu ndipo nyumba zinapoungua. Breka hulinda waya. Namba yake inachaguliwa kwa kutazama waya, kamwe si kwa kutazama kifaa unachotaka kukiwasha. Waya wa shaba wa 1.5 ndani ya paipu ukutani hubeba takriban ampia 17, wa 2.5 takriban 24, wa 4 takriban 32, wa 6 takriban 41, wa 10 takriban 57. Hizo ni kwa joto la digrii 30. Waya huo ukipita darini chini ya bati saa nane mchana, na joto humo likifika digrii 50, ule wa 2.5 hubakiwa na takriban ampia 17 tu. Ngozi yake ya plastiki imetengenezwa kuvumilia digrii 70. Weka breka ya 40 juu ya waya huo, upitishe ampia 35, na breka haitasema neno hata ukikaa mwaka, maana iko chini ya namba yake. Ngozi ya waya itakauka, itapasuka, na siku moja itaanguka juu ya ubao wa dari.

Kwa hiyo taa za waya wa 1.5 zikae na breka ya 6 au 10. Soketi za waya wa 2.5 usiopita kwenye joto la dari zikae na 20. Utakuta nyumba zenye breka ya 32 juu ya 2.5, na inaweza kuwa sahihi kama soketi zimefungwa kwa ringi, yaani waya umetoka kwenye breka, ukazunguka soketi zote, ukarudi kwenye breka ile ile, na mzigo ukapata njia mbili. Lakini ringi hukatika kimyakimya. Soketi moja ikilegea nyuma, zote bado zinawaka, ila sasa upande mmoja unabeba kila kitu chini ya breka ya 32. Kuikagua ni rahisi: umeme ukiwa umezimwa, toa ncha zote mbili za laivu kwenye breka na upime ohmu kutoka ncha moja hadi nyingine. Ringi nzima ya nyumba ya kawaida husoma chini ya ohmu 1. Isiposoma kitu, imekatika, na mpaka itengenezwe breka ishuke kuwa 20. Fanya vivyo hivyo kwa nyutro na ethi.

Pampu na friji zina tabia yao. Mota ya pampu ya farasi moja, wati 750, ikishaanza hula ampia 5 hivi, ila wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi. Ukiifunga kwenye B6 itakata kila asubuhi bila ugonjwa wowote. C10 inaivumilia. Lakini pampu iliyokuwa inaanza vizuri na sasa inakata baada ya sekunde kumi, pima volti wakati inajaribu kuanza. Zikiwa chini ya 200, kama inavyotokea jioni kwa nyumba zilizo mwisho wa laini, mota inanguruma bila kuzunguka na kuvuta umeme mwingi. Volti zikiwa nzuri, badilisha kapasita ya kuanzia kabla hujafikiria kuitoa pampu kisimani.

Kile chenye kitufe cha T

RCD haijali mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua unaporudi, maana yake kiasi fulani kimepita kwingine, labda kwenye ukuta wenye maji, labda kwenye mwili wa mtu, nayo inakata. Ya majumbani ni ya miliampia 30. Kwa kiwango chake haitakiwi kukata chini ya 15, na ikifika 30 ni lazima ikate, ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Kwa hiyo yoyote inayokata kati ya 15 na 30 ni nzima, hata kama inakuudhi.

Kwa nini isitolewe, kama wengine wanavyofanya? Tazama hesabu ya ethi. Nyumba nyingi hapa zina ethi rodi yake iliyopigwa uani. Tuseme ina ohmu 20, ambayo si mbaya. Laivu ikigusa mwili wa friji, umeme unaokwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa 20, yaani ampia 11.5. Breka ya 20 haitakata kwa ampia 11.5, si leo wala kesho. Mlango wa friji utabaki na moto, na mtoto asiye na viatu atakuja kuchukua maji. RCD ingekata kwenye miliampia 30. Nyumba yenye ethi rodi bila RCD imejilinda nusu, na nyumba yenye breka kubwa na haina RCD haijajilinda kabisa. Kama boksi lako halina, na una fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, nunua RCD ya ampia 63, miliampia 30, ifungwe baada ya mein swichi.

Ikikata, fuata mpango huu. Shusha breka zote ndogo, pandisha RCD. Ikishika, pandisha breka moja moja. Inayoiangusha ndiyo yenye njia inayovuja, na humo utachomoa vifaa kimoja kimoja kama kwenye shoti. Wanaovuja zaidi ni wanaokutanisha maji na moto: birika, hita ya kuchovya ndoo, hita ya bafu, pasi ya mvuke, na friza la zamani. Kwa walio karibu na ziwa, Kibirizi au Bangwe, friza la samaki lina shida ya ziada: maji ya chumvi ya samaki humwagika na kuingia kwenye viunganisho vya chini karibu na kompresa. Pindua, kausha, safisha, kisha pima kati ya pini za plagi na bati lake.

Ila kuna mtego mmoja unaowashinda hata mafundi wazuri. Breka ndogo zote ziko chini, na RCD bado inakata, au inakata pale tu njia nyingine kabisa inapowashwa. Hapo watu hununua RCD mpya, inakata vile vile. Sababu ni kwamba breka ya njia moja hukata laivu peke yake. Nyutro inabaki imeungwa. Kama mahali fulani nyutro imegusa ethi, sehemu ya umeme unaorudi inapita ardhini badala ya kupita ndani ya RCD, bila kujali breka ya njia hiyo iko juu au chini. Dawa yake: mein swichi chini, nyutro zote zitolewe kwenye baa yake, kila moja iandikwe njia yake, kisha kila moja ipimwe dhidi ya ethi. Yenye kusoma chini ndiyo mgonjwa. Mara nyingi utaikuta kwenye soketi ambayo waya tupu wa ethi, usiovishwa ngozi ya kijani, umelala juu ya skrubu ya nyutro.

Inayokata mvua ikianza, fuata maji. Taa ya nje ambayo holda yake imejaa wadudu na maji, kengele ya geti, soketi ya uani, na viungio vya tepu vilivyo darini chini ya bati linalovuja. Angalia pia paipu inayoleta waya kutoka nje: isipoinamishwa kabla ya kuingia ukutani, maji hutiririka ndani yake mpaka kwenye swichi ya sebuleni, nawe utatafuta sebuleni tatizo lililo paani.

Bonyeza kitufe cha T kila mwezi. Isipokata, imekufa, ibadilishwe. Na ujue kitufe hicho kinapima RCD tu, hakipimi ethi yako. Ethi hubadilika kwa majira: kati ya Juni na Septemba udongo ukikauka, ohmu hupanda. Rodi ipigwe mahali panapobaki na unyevu, karibu na bomba la uani kwa mfano, na moja isipotosha iongezwe ya pili, umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe, ziungwe pamoja. Chumvi wanayomwaga wengine husaidia kwa muda, kisha hula kiungio. Bora rodi ya pili.

Skrubu iliyolegea, na breka ya kununua

Breka ya ampia 20 inayokata kwenye mzigo wa ampia 12 baada ya nusu saa, tena yenye joto kuliko jirani zake, itazame ilipofungwa. Utakuta waya umeingizwa nyuma ya kikombe cha kubania badala ya ndani yake, na skrubu imekazwa ikaonekana ngumu, kumbe waya haukubanwa. Au ngozi ya waya imebanwa pamoja na shaba. Au nyaya mbili zisizolingana unene ziko tundu moja, mnene umeshikwa, mwembamba unacheza. Baada ya kukaza, vuta kila waya kwa mkono. Shaba iliyogeuka nyeusi au kahawia ikatwe, ichunwe upya, na breka iliyobadilika rangi itupwe, kwa sababu lile bati la ndani limeshachoka na litakuwa linakata mapema.

Dukani, breka ya kweli utaisoma: namba na herufi kama C20, namba 6000 ndani ya kijisanduku, ambayo ni ampia za shoti inazoweza kukata bila kupasuka, na kiwango IEC 60898. Maandishi ya bandia hufutika ukiyasugua kwa kidole chenye mate, na ukiipima mkononi dhidi ya nzuri ni nyepesi, kwa sababu ndani hakuna vile vibati vya kuzimia cheche. Nunua ya aina ile ile iliyomo kwenye boksi. Za kampuni tofauti hupishana urefu kidogo pale zinapopokea basiba (kipande cha shaba kinachogawia breka zote umeme), skrubu moja hubana na nyingine hugusa tu, na joto linaanza upya.

Umeme unaporudi

Mkoa wetu uliishi miaka mingi na jenereta za dizeli kabla gridi ya Taifa haijaufikia, na kukatika kwa umeme tumekuzoea kiasi cha kuacha kila kitu kimewashwa tukisubiri urudi. Ukirudi, friji, friza, pampu na feni zinaanza kwa pamoja, na kompresa iliyosimama dakika moja tu bado ina presha ndani yake, haiwezi kuzunguka, inavuta umeme mpaka breka ikate. Umeme ukikatika, shusha breka za mota. Ukirudi, subiri dakika 3 hadi 5, kisha pandisha moja moja. Frijigadi, kifaa cha kulinda friji, hufanya kazi hiyo yenyewe, na ni fedha iliyotumika vizuri.

Radi ni jambo jingine, na msimu wa mvua huku ni wa radi kweli. Breka haizuii radi, ni ya polepole mno kwake. Chomoa plagi mawingu yakianza kunguruma. Ukiweza, fundi afunge kizuia radi ndani ya boksi, na nyaya zake za kwenda laivu na ethi, zikijumlishwa, zisizidi sentimita 50, maana zikiwa ndefu sehemu kubwa ya pigo huingia nyumbani kabla haijafika ardhini. RCD ikiangushwa na radi, ipandishe mara moja. Ikikata tena, kuna kifaa kimeshaungua.

Kazi ikiisha, fundi asifunge boksi aondoke. Washa mzigo wa kawaida wa nyumba kwa saa nzima, kisha weka kiganja juu ya mfuniko wa boksi: uvuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono si sawa. Halafu karatasi moja ibandikwe ndani ya mlango wa boksi, kwa kalamu isiyofutika: kila njia, namba ya breka yake, unene wa waya wake, inalisha wapi, na tarehe ulipobonyeza T mara ya mwisho.